Nyota Juu ya Kaburi la Tomaso

Kama kuna kitu kilichomkera Kuruthumu kuliko vumbi la machimbo, ni Zablon kusema "marehemu kaka yangu." Alilitamka kwa utamu, kama mtu anayelamba asali ya wizi. Marehemu kaka yangu alinipenda sana. Marehemu kaka yangu angefurahi kuona maendeleo haya. Na huku anasema hivyo, amesimama juu ya rundo la kifusi kilichotolewa kwenye duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, mikono kiunoni, kofia mpya kichwani, akiwatazama wenzake kutoka juu kama jogoo aliyepanda jaani.

"Shemeji yangu Agustina namheshimu," alisema. "Ni mjane wa marehemu kaka yangu. Lakini uchungu umemchanganya. Leo anasema kaburi liko hapa, jana alisema liko pale, juzi kule. Sasa tusimamishe kazi ya watu wote hawa kwa ajili ya kaburi linalotembea?"

Watu wakacheka. Agustina alikuwa amekaa chini pembeni ya turubai la kamati, kanga mabegani, macho mchangani.  Kuruthumu, aliyesimama karibu naye, ndiye aliyesikia damu ikimpanda hadi masikioni.

Ukweli ni kwamba Agustina hakujua kaburi la mumewe liko wapi, na ungekuwa wewe usingejua pia. Alikuwa ameondoka kijijini, hapa pembeni ya Kenyamonta, kwenda Musoma kumuuguza binti yake Nice aliyelazwa hospitali. Nyuma aliacha nyumba, jiko, zizi, uzio wa minyaa, mgunga mkubwa mlangoni, na kaburi la Tomaso lililojengewa saruji, lenye msalaba mweupe uliomfika mtu kiunoni. Akiwa huko huko Musoma, mwanakijiji mmoja alichimba choo akakuta jiwe lenye dhahabu. Rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu, ikalipuka. Watu walimiminika kutoka Nyarero, kutoka Tarime mjini, kutoka Geita, wengine hata kutoka ng'ambo ya Sirari na Kiswahili chao cha Kenya. Agustina aliporudi hakukuta hata kitu kimoja cha kushika na kusema hapa ndipo kwangu. Miti yote ilikuwa imekatwa ikawa magogo ya kuzuia kuta za maduara. Mabati ya nyumba yake yalikuwa yameezekwa kwenye kibanda cha bia. Ardhi ilikuwa mashimo na vichuguu vya kifusi mpaka macho yanachoka, na kila alikoelekea alisema labda ni hapa, kisha akasema hapana, labda ni pale.

Zablon alikuwa ameshamwandalia kaburi. Kule chini kwenye katani, mahali pasipo na hata chembe ya dhahabu, alipanga mawe, akachomeka msalaba wa mbao, akasema ndilo. Saruji ilikwenda wapi? Mvua imeimung'unya. Msalaba mweupe je? Wahuni wameiba. Na majirani waliomzika Tomaso kwa mikono yao? Kila mmoja alikuwa na mgao katika duara la Zablon, na mgao ni dawa kali ya kusahaulisha. Kufa kufaana, walisema wazee, lakini hawakusema watu wafaane mpaka kwenye mifupa.

Alasiri ya siku hiyo Zablon alikuwa apige baruti kulipanua duara lake. Agustina aliiomba kamati ya machimbo jambo moja tu: wasilipue mpaka ijulikane kaburi liko wapi. Hakutaka viroba vya mawe ya dhahabu, hakutaka mgao. "Sitaki mume wangu asagwe kwenye karasha pamoja na mawe yao," alisema. Maneno hayo hayo ndiyo aliyomwambia Kuruthumu kwa simu jana yake jioni, na ndiyo yaliyomtoa Kuruthumu Mugumu asubuhi kabla hajafungua studio, kompyuta mgongoni, bodaboda ikimrusharusha njia nzima.

Kuruthumu na Tomaso hawakuwa ndugu. Yeye alikuwa Mwislamu, binti wa fundi cherehani wa Mugumu, mpiga picha za pasipoti na harusi. Tomaso alikuwa Mkristo wa huku, dereva wa kambi ya watalii. Lakini Kuruthumu alipoanza kupiga picha za mbingu ya usiku, mji mzima ulimcheka, mwanamke na nyota wapi na wapi. Tomaso peke yake ndiye aliyempakia garini akampeleka kambini na kumwambia meneja, "Huyu ni mdogo wangu, tazama kazi yake." Siku hizi kambi zilinunua picha zake, nyota zikiwa zimeandikwa majina. Mkate wake ulitoka kwenye lile neno "mdogo wangu." Kaburi la Tomaso lilipojengewa, alikuja kupiga picha za shughuli ile, akalala hapo hapo kwa Agustina. Giza lilipoingia, kwa mazoea tu ya kazi, alisimamisha kamera uani, kwanza upande mmoja wa kaburi kisha upande mwingine, akaipiga mbingu mara mbili, kaburi likiwa mbele.

Picha hizo mbili ndizo alizokuja nazo.

"Shikamoo, mwenyekiti," alimwambia Athanas, mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu aliyekuwa na kazi ngumu ya kuwazuia watu wasikatane mapanga.

"Marahaba. Nieleze hiyo habari yako, lakini nieleze polepole. Hapa kila mtu ana kelele."

Kuruthumu alifungua kompyuta juu ya meza ya mbao, waya ukiwa umevutwa kutoka kwenye jenereta ya karasha. "Nyumba imebomolewa, miti imekatwa," alisema. "Lakini Jiwe la Fisi liko pale." Akaonyesha jabali kubwa lililokaa juu ya kilima upande wa kusini. "Na mnara wa simu uko kule. Vitu hivyo bado hamjavichimba. Katika picha ya kwanza, msalaba wa kaburi umesimama chini kabisa ya Jiwe la Fisi. Katika ya pili, umesimama chini ya taa nyekundu ya mnara. Nikijua kamera ilikuwa inatazama upande gani hasa, nachora mstari mmoja kutoka kwenye jiwe na mwingine kutoka kwenye mnara. Mistari inapokatana, ndipo kaburi lilipo."

"Na upande huo utaujuaje?"

"Nyota zitasema."

Zablon alicheka kwa pua. Kuruthumu akajifanya hakusikia, akaeleza. Mbingu imegawanywa kwa mistari kama ramani ya dunia, na kila nyota ina anwani yake. Programu inazisoma nukta nyeupe zote za picha, inatafuta ni pembe ipi ya mbingu yenye nukta zilizokaa vile, kisha inaipachika picha nzima kwenye anwani zake. Kazi hiyo alikwisha kuifanya. Picha ya kwanza ilikuwa na kundi la nyota la Msalaba wa Kusini, ya pili ilikuwa na lile la Nge likichomoza, na programu ilikuwa imezikubali zote mbili. Ilibaki hatua moja. Mbingu haisimami, inazunguka usiku kucha. Ili anwani ya nyota igeuke kuwa upande wa dunia, lazima ijulikane saa ambayo picha ilipigwa. Saa hiyo kamera huiandika yenyewe ndani ya picha, na programu huichukua humo bila kumuuliza mtu.

"Fanya basi tuone," alisema Athanas.

"Ngoja kwanza," alisema Zablon. Alipanda tena juu ya rundo lake la kifusi ili wote wamwone, akanyoosha mkono. "Mimi siogopi kompyuta. Mbele yenu wote nasema hivi: kama Tomaso yuko ndani ya machimbo haya, mimi Zablon mnizike ubavuni kwake!"

Mguno ulipita katika umati. Watu wa huku hawachezei kiapo, na mtu kuapa kwa kaburi lake mwenyewe si maneno ya kilabuni.  Agustina aliinua uso kwa mara ya kwanza, akamtazama shemeji yake kwa muda mrefu, kisha akainama tena.

Kuruthumu akabonyeza.

Programu ilitakiwa kuchora mstari mwekundu pale ardhi inapokutana na mbingu. Mstari ulitokea, lakini ulikuwa umesimama wima, kutoka juu ya picha hadi chini, ukiukata Msalaba wa Kusini pembeni. Kwa mujibu wa kompyuta, kilima cha Jiwe la Fisi kilikuwa kimelala ubavu.  Akafungua picha ya pili. Humo mstari haukuonekana kabisa, kwa sababu programu ilisema kamera ilitazama juu, karibu na utosi wa mbingu. Msalaba wa kaburi, saruji yake, nyasi zake, vyote vilikuwa vinaelea angani.

Kijana mmoja aliyechungulia begani kwake ndiye aliyepasua. "Mura, marehemu amepaa!"

Lo, walivyocheka! Walicheka mpaka wengine wakashikilia mbavu, wakapigana makofi mabegani, wakarushiana maneno kwa Kikurya. Zablon alishuka kutoka kwenye kifusi akipangusa machozi ya kicheko. "Basi shemeji, dai lako lipeleke kwa Mungu," alisema. "Mimi angani sina duara."

Kuruthumu alitaka ardhi impasukie, na kwa mashimo yaliyokuwapo haingekuwa kazi. Aliwachukia wote kwa mkupuo: Zablon na kofia yake, majirani na midomo yao iliyoshiba, hata mashine ile aliyoinunua kwa jasho ikamwaibisha hadharani. Zaidi ya yote alijichukia yeye, aliyemwambia Agustina kwenye simu, usilie, mimi nitalionyesha kaburi la mumeo mbele ya macho yao. Alitoa tusi ambalo baba yake fundi cherehani hakumfundisha.

"Binti," alisema Athanas, naye akijizuia kucheka, "hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Nenda kanywe chai. Baruti ni saa tisa kama ilivyopangwa."

Agustina ndiye aliyemshika mkono akamwongoza hadi kwenye kibanda cha mama ntilie mmoja aitwaye Mwajuma. Mjane anamwongoza mfariji. Kuruthumu aliona aibu hiyo pia, akaiongeza juu ya nyingine. Alibwaga kompyuta mezani, vikombe vikaruka.

"Usiivunje," alisema Agustina.

"Ningekuwa na shoka ningeivunja! Mama Nice, nyota ni zenyewe. Nimezikagua moja moja. Msalaba ni Msalaba, Nge ni Nge. Sasa upande umeharibikia wapi? Wale mbwa wamenicheka, na lile jizi limesimama pale linaapa..."

"Wamecheka, basi. Kunywa chai."

"Sinywi chai ya mtu!"

Mwajuma aliondoa kikombe bila kununa. Juu ya kabati lake redio ndogo ilikuwa inalia muziki; muziki ukakatika, zikaja zile pi, pi, pi, na mtangazaji akasema ni saa sita kamili mchana. Agustina aligeuza kichwa kuitazama redio. Uso wake ukalegea kidogo.

"Hata jioni ile ilikuwa hivyo hivyo," alisema. "Redio inalia pi, pi, nami ndiyo nimepakua ugali."

"Jioni ipi?"

"Hiyo ya picha zako. Ulikula haraka haraka, ukakimbilia nje na kamera."

Kuruthumu alikunja uso. "Picha nilipiga usiku wa manane, mama Nice. Hii hapa, imeandikwa. Saa nane na robo usiku."

"Saa nane?" Agustina alimtazama kama anayemtazama mgonjwa. "Saa nane ulikuwa unakoroma, mdogo wangu. Nilikufunika mwenyewe. Ulipiga picha baada ya kula tu, watoto hawajalala. Taarifa ya habari ya saa mbili ndiyo kwanza inaanza. Umesahau? Ulikuwa umeweka betri mpya, kamera ikawa inadai tarehe na saa, na wewe mkono una ugali. Ukaniambia, mama Nice, nibonyezee. Tarehe nikaitoa kwenye kalenda ukutani. Redio ikasema saa mbili kamili, nami nikabonyeza mbili kamili. Kwani nilikosea?"

 Kuruthumu aliivuta kompyuta taratibu, akatazama ile saa iliyoandikwa ndani ya picha ya kwanza. 02:15.  Mtoto wa Mugumu, aliyezaliwa na kulelewa akihesabu saa kuanzia jua linapochomoza, alikuwa amesahau kwamba kamera haikuzaliwa Mugumu. Kamera ilitengenezwa na watu wanaoanza kuhesabu saa usiku wa manane. Kwao ile saa mbili ya ugali wa moto na taarifa ya habari si mbili, ni ishirini. Agustina aliandika mbili, kamera ikaamini ni usiku mkubwa, nayo programu ikaizungusha mbingu robo nzima ya mzunguko ili ifanane na uongo huo usio na mwongo.

"Hukukosea," alisema.  "Hukukosea hata kidogo."

Alifuta 02, akaandika 20. Hizo dakika hakuzigusa, maana zilitoka redioni, hazikuwa za kukisia. Akabonyeza. Ule mstari mwekundu ulilala chini, ukanyooka sawasawa chini ya kilima cha Jiwe la Fisi kama shuka juu ya kitanda. Akafungua picha ya pili. Mstari ulipita kwenye nyayo za mnara. Kuruthumu alicheka mara moja, kicheko kifupi kikavu, kisha hasira ikamrudia. Safari hii haikuwa ya kuvunja vikombe. Ilikuwa hasira iliyotulia, inayojua inakokwenda.

Walimkuta Athanas chini ya turubai akila. Fundi wa baruti alikuwa tayari anaandaa tambi zake za kuwashia kwenye mdomo wa duara la Zablon.

"Mwenyekiti, tazama sasa."

"Binti, si tumemaliza?"

"Tazama!"

Mzee alivaa miwani. Alitazama mstari, akainua macho kukitazama kilima chenyewe, akarudi kwenye picha. "Mbona asubuhi ulikuwa umesimama?"

"Asubuhi saa ilikuwa ya kwetu. Kamera inataka ya kwao. Mama Nice aliandika saa mbili ya usiku kama mbili."

Athanas aliacha kutafuna. "Mke wangu aliachwa na basi la Mwanza kwa jambo hilo hilo," alisema polepole. "Tiketi imeandikwa kumi na mbili, akaenda jioni." Akasukuma sahani pembeni, akasimama. "Hebu chora hiyo mistari yako."

Kuruthumu aliichora juu ya ramani ya simu, ule wa kutoka kwenye jiwe na ule wa kutoka kwenye mnara. Ikakatana. Akaanza kutembea simu mkononi, Athanas nyuma yake, Agustina nyuma ya Athanas, na baada yao umati ulionusa kwamba kicheko cha asubuhi kinaweza kuwa na mkia. Zablon alikuja akiongea kwa sauti kubwa. Hii ni ramli. Huyu mwanamke kalipwa. Kompyuta iliyosema kaburi liko mbinguni leo itaaminiwa vipi? Aliongea, akaongea, na kadiri Kuruthumu alivyosogea ndivyo maneno yake yalivyopungua, mpaka yakaisha.

Mistari ilikatana katikati ya rundo la kifusi. Lile lile alilolipanda Zablon asubuhi kuhutubia. Lile lile alilosimama juu yake akaapa.

"Simu huwa zinakosea," alisema Zablon.

"Zinakosea hatua chache," alisema Kuruthumu. "Toeni kifusi hatua chache kila upande."

Hakuna aliyesogea. Wenye mgao walitazama viatu vyao. Hapo Agustina akavua kanga mabegani, akaifunga kiunoni, akapiga magoti, akaanza kutoa mawe kwa mikono. Jiwe moja, akaliweka pembeni. La pili. Kuruthumu akapiga magoti kando yake. Mawe yale yalikuwa na makali, na mkono wa mtu wa studio si mkono wa machimbo. Damu ilitoka mapema.

Mchimbaji mmoja wa duara la Zablon, mtu mrefu kutoka Geita aitwaye Rubeni, alikuwa amesimama na koleo lake. Alilitazama rundo, akamtazama tajiri yake.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi si wa hapa na ugomvi wenu siujui. Lakini siku ya kwanza bosi alisimama mahali hapa, akasema, mwageni kifusi kuanzia mguuni kwangu. Nikamwambia bosi, ni karibu mno na mdomo wa shimo, mawe yataturudia vichwani. Akasema, we mwaga. Sikujua tunamwagia mtu."

Akashuka na koleo. Akafuata mwingine, na mwingine, wote wageni. Wenyeji walikuja mwisho. Jua lilikuwa bado kali koleo lilipogonga kitu kilicholia tofauti na jiwe. Rubeni akatupa koleo akafuta kwa viganja. Saruji. Walipomaliza kusafisha, kaburi la Tomaso lilikuwa limelala pale wazi, limepasuka upande mmoja, na msalaba mweupe umekatwa na kulazwa kifudifudi juu yake. Ulikuwa umekatwa kwa msumeno. Mvua haina msumeno.

Zablon alilamba midomo. "Nililifunika ili lisiharibiwe," alisema. "Nyie hamjui watu wa machimbo. Nilimhifadhi marehemu kaka yangu."

Kuruthumu hakujua jiwe limefikaje mkononi mwake. Alijua tu kwamba lilikuwa zito, kwamba kichwa chenye kofia mpya kiko karibu, na kwamba katika maisha yake hajawahi kutaka kitu kama alivyotaka kulirusha. Agustina alimshika kifundo cha mkono.

"Weka chini," alisema. "Wewe kazi yako umeshaimaliza."

Kisha mjane akamgeukia mama mmoja jirani, akaomba jembe. Alipewa haraka, kama anayelipa fidia. Agustina alisimama kando ya saruji, upande wa kulia, akamtazama Zablon kuanzia kofia mpaka viatu, taratibu, kama fundi anayepima mbao. Akapiga jembe ardhini. Akavuta mstari mrefu sambamba na kaburi la mumewe, akakata pembe, akavuta mfupi, akakata tena, mpaka umbo likakamilika na kila mtu akaliona ni umbo la nini. Upande mmoja wa umbo lile uligusa mdomo wa duara.

"Agustina," alisema Athanas kwa sauti ya chini, "yale yalikuwa maneno tu ya asubuhi."

"Yalikuwa maneno yake, baba. Mimi nayapa mahali." Akamtazama Zablon. "Hapa ndipo pako, shemeji. Hatuchimbi leo, sisi si wauaji. Tutakungoja tu."

Hakuna aliyecheka.  Fundi wa baruti alishuka, akaanza kukunja tambi zake moja moja, akazirudisha kwenye begi bila kuuliza nani atamlipa. Rubeni alikuwa anavuta kamba kutoka shimoni na kuizungusha mkononi.

"Wewe unafanya nini?" Zablon alimfokea. "Kazi haijaisha!"

"Mimi shimo lenye kaburi linalomngoja mwenyewe siingii, bosi," alisema Rubeni. "Tafuta wengine."

Zablon aliwatazama wengine. Aliwatazama majirani wenye mgao, mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa alirudi nyuma hatua, akilizunguka lile umbo kwa mbali, asije akakanyaga mstari. Jioni ilipokaribia, mahali pale palikuwa pamebaki watu wachache, na duara lililoingiza viroba vingi kuliko yote halikuwa na hata mtu wa kulichungulia.

Agustina aliuinua ule msalaba uliokatwa, akaufuta vumbi kwa kanga, akauegemeza kichwani mwa kaburi. Halafu akamgeukia Kuruthumu, aliyekuwa anafunga vidole vyake kwa kitambaa.

"Kamera umekuja nayo?"

"Ninayo."

"Basi usiondoke. Nyota zikitoka, upige picha. Yote mawili, la mume wangu na la shemeji. Asije mtu siku hiyo akasema hajui pa kuchimba."

Kuruthumu akafungua stendi yake mbele ya kaburi, akaielekeza kamera kwenye Jiwe la Fisi. Saa aliiandika mwenyewe.